Daraja, kwa Mujibu wa Hansadi

Mimi ndiye niliyeandika maneno yake yote,
miaka kumi, vipokea sauti masikioni,
katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya roshani ya wageni.
Sijawahi kula naye. Lakini kikohozi chake nakijua,
najua anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo,
na zamani, kabla hajajifunza, alivyokuwa havuti.

Mheshimiwa Zipora Moraa Ontiri,
mshona sare za shule, kando ya Mto Ngong.
Siku ya kwanza alisimama kabla ya kuitwa,
akaketi, akasimama tena.
(Kicheko.)
Akasema: "Bwana Spika, mimi naomba daraja.
Si la magari. La miguu.
Wanawake wa kwetu huvuka kwenda viwandani saa kumi na moja alfajiri
juu ya bomba la maji taka,
viatu mkononi, mtoto mgongoni.
Aprili, bomba lilimwangusha Kemunto.
Alipotea Ijumaa. Tulimpata Jumanne."

Hapo kwenye rekodi kuna kimya cha sekunde tisa.
Hansadi haina alama ya kimya.
Niliweka nukta, nikaendelea.

Wa ndiyo wakasema ndiyo. Hakuna aliyesema la.
(Makofi.)
Hoja ikapita
kama maji yanavyopita chini ya bomba lile.

Mwaka wa pili aliuliza: daraja liko wapi?
Mwenyekiti wa kamati akajibu: linashughulikiwa.
Mwaka wa tatu aliuliza, akarusha karatasi,
akatolewa na mlinzi wa siwa,
sauti yake ikififia mlangoni, daraja, dara—
nikaandika: (Mheshimiwa aliondoka ukumbini.)

Mwaka wa nne wakampa kamati.
Kiti cha magurudumu, kipaza sauti chenye taa nyekundu,
marupurupu ya kikao, na dereva, Kioko,
aliyemshikia mwavuli hata siku za jua.
Aliomba daraja, akapewa daraja.
Msinilaumu mimi. Neno ni moja,
herufi ni zile zile,
na kibodi haiulizi.

Akaenda ng'ambo kujifunza wenzetu huvukaje.
Akarudi na kurasa sitini na picha.
Nilizihariri. Kila daraja lilikuwa na taa.

Muhula wa pili akaja kijana wa wadi jirani,
suti ya kuazima, mikono ya koti ikimfika vidoleni.
Alisimama kabla ya kuitwa. Akauliza.
Zipora akavuta pumzi
(nilimsikia, labda mimi tu katika jiji zima)
akasema: "Bwana Spika, jambo hilo linashughulikiwa."

Nilirudisha rekodi mara tatu.
Si kwamba sikusikia.

Alishindwa kwa kura mia mbili na kumi na nane.
Hilo halimo kwenye Hansadi;
sisi huandika waliomo tu.

Wiki iliyopita alikuja, akajaza daftari la wageni.
Pale pa "unamwona nani" aliacha wazi.
Alitaka nakala ya hotuba yake ya kwanza.
Nikamchapia. Shilingi mia, na risiti.
Akaisoma wima, kidole chini ya mstari,
polepole, kama anayefuata mshono wa mtu mwingine,
mpaka kwenye nukta ile.
"Hapa," akasema, "hapa nililia."
"Haikuandikwa, Mheshimiwa."
"Usiniite hivyo."
Akakunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

Vijana wamelaza mbao na nguzo mbili za stima juu ya mto.
Wanatoza shilingi kumi.
Jumamosi nilishuka kwenda kuona, nikapanga foleni.
Mbele yangu, bunda la sare kichwani,
mtu alikohoa.
Kijana wa mbaoni akanyoosha kiganja
bila kuinua macho kumtazama usoni.
Akalipa, kama sisi sote,
akavua viatu, kwa mazoea,
akavuka.